Yai lililokatwa ni la wote: saladi ya samaki na mayai kwa chakula cha saa sita

Juma hili tuzungumze juu ya chakula cha saa sita, kile ambacho wengi wetu tunakiruka. Asubuhi kuna chai, jioni kuna bugali. Lakini katikati ya siku, mama anayeuza Kadutu au Nyawera anakula muhogo wa kuchemsha na karanga kidogo, na mtoto anayesoma mchana anaondoka nyumbani na kipande cha mkate. Tumbo limejaa, lakini kufika saa tisa nguvu zimekwisha. Sisi walimu tunaliona darasani: mtoto analaza kichwa juu ya meza, na wengine wanasema ni mvivu. Mara nyingi si uvivu.

Chakula ninachowapendekezea ni saladi ya samaki wa mkebe na mayai. Haitaki makala mengi, haitaki saa mbili za kusimama kwenye babula, na mtu anaweza kuila pahali pake pa kazi.

Kujaza tumbo na kujenga mwili

Muhogo unatupa nguvu ya kutembea na kulima, lakini protini, ile inayojenga nyama ya mwili, damu na ubongo wa mtoto, imo kidogo sana. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu 2 tu au chini. Unga wa mahindi una karibu gramu 8.

Huku kwetu Kivu tunajua yanayoweza kumpata mtoto anayelishwa muhogo siku zote bila kitoweo. Wakubwa wetu waliupa ugonjwa ule jina la bwaki: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, mtoto hataki kucheza wala kula. Hata shirika moja la Bukavu lilichukua jina hilo, Comité Anti-Bwaki. Saladi hii si dawa ya bwaki. Mtoto aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Saladi ni ya wale ambao bado wako wazima, ili wabaki wazima.

Hesabu kidogo, kama darasani

Mama wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 za protini kwa siku. Mwenye mimba na anayenyonyesha wanahitaji zaidi. Mtoto wa kilo 20 anahitaji karibu gramu 18. Sasa tuangalie zinapatikana wapi:

- Yai moja: gramu 6.
- Mkebe wa gramu 160 ulioandikwa *thon*, yaani tuna, ukiisha kuchujwa: karibu gramu 25.
- Mkebe mdogo wa sardini wa gramu 125: karibu gramu 20.
- Kikombe cha maharagi yaliyopikwa: karibu gramu 15.

Kutoka hapa tunapata kanuni ya kwenda nayo sokoni. Mkebe wa tuna ni sawa na mayai manne. Mkebe wa sardini ni sawa na mayai matatu na kidogo. Kama siku hiyo tuna inauzwa bei inayopita mayai manne, chukua sardini au ongeza mayai. Usilipie picha nzuri iliyo juu ya mkebe.

Vitu vinavyohitajika kwa watu sita

Mayai 4, mkebe 1 wa tuna (au mkebe 1 wa sardini na yai moja zaidi), kikombe 1 cha maharagi yaliyopikwa, viazi 6 vya kiasi, nyanya 2, kitunguu 1, avoka 1 iliyoiva, ndimu 1 na chumvi kidogo.

Ukijumlisha mayai, tuna na maharagi unapata gramu 64. Ukigawa kwa watu sita, kila mmoja anapata zaidi ya gramu 10. Kwa mtoto wa kilo 20, hiyo inapita nusu ya mahitaji yake ya siku nzima.

Namna ya kutayarisha

1. Chemsha viazi na maganda yake. Vikianza kulainika, tia mayai yaliyooshwa katika sufuria ile ile, makala yasipotee. Bukavu iko juu, karibu meta 1.500, na maji yetu yanachemka kabla ya kufika joto lile la Uvira au Kalemie. Kwa hiyo acha mayai dakika 12 tangu maji yachemke tena. Kiini kiwe kigumu kabisa.

2. Toa mayai, yatie katika maji baridi safi. Yakipoa, ganda linatoka bila kuvuta nyama ya yai.

3. Osha nyanya, kitunguu, avoka na ndimu kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Msiliruke jambo hili: sisi wa kando ya ziwa tunaijua kolera, na mboga mbichi haipiti motoni. Osha pia kisu, bakuli na mikono.

4. Ponda avoka kwa kijiko, kamulia ndimu, tia chumvi. Hii inachukua nafasi ya mayonezi. Mayonezi ya nyumbani inatengenezwa na yai bichi, na bila friji inaharibika upesi. Ndimu nayo inazuia avoka isigeuke nyeusi haraka.

5. Katakata viazi, mayai, nyanya na kitunguu vidogo-vidogo. Chuja mafuta au maji ya tuna, ivunjevunje kwa uma, tia maharagi, kisha changanya vyote na avoka polepole. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwa sababu samaki wa mkebe tayari ana yake.

Pilipili iwekwe pembeni kwa wakubwa. Mtoto aliyepita miezi sita anaweza kula yai lililoiva sawasawa, likipondwa na kiazi na avoka, bila chumvi wala kitunguu.

Kama mkebe haupatikani

Tuna ni samaki wa bahari na inatoka mbali, lakini sisi tuna samaki wetu. Sambaza wa ziwa Kivu hawakuwamo zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, na leo wamama wengi wanasomesha watoto kwa kuwauza. Chukua sambaza wabichi, waoshe, wakaange mpaka wakauke vizuri, kisha uwatie katika saladi. Ndagala wakavu wanafaa vilevile: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Waondoe mchanga, waloweke kidogo katika maji ya moto, uwakaange. Hawa wadogo wanaliwa na mifupa yao, na mifupa hiyo inasaidia meno na mifupa ya mtoto.

Kwa mama mwenye mimba wana faida nyingine. Tuna ni samaki mkubwa na hukusanya zebaki mwilini kuliko samaki wadogo. Anaweza kuila, ila asiifanye chakula cha kila siku.

Joto ni adui

Wengi wetu hatuna friji, au tunayo na umeme unakatika. Basi tushike sheria hizi:

Mkebe uliovimba au unaovuja tusiufungue, hata kama muuzaji amepunguza bei. Tuna na sardini vikiisha kufunguliwa na kukaa katika joto vinaweza kufanya sumu inayowasha mwili, inafanya uso uwe mwekundu na kichwa kiume. Kuchemsha tena hakuiondoi sumu ile. Saladi iliyochanganywa iliwe ndani ya saa mbili, na huko Uvira kwenye jua kali, ndani ya saa moja. Ya kulala tusiile.

Je, mama anayetoka nyumbani saa kumi na mbili atafanyaje? Asichanganye nyumbani. Achukue mayai yaliyochemshwa asubuhi hiyo hiyo, yakiwa ndani ya ganda zima, viazi katika maganda, mkebe uliofungwa, na nyanya, avoka na ndimu zilizooshwa. Saa sita anaosha mikono, anafungua, anakata, anachanganya, anakula. Ni kazi ya dakika kumi. Wawili au watatu wa meza jirani wakichangia, mkebe mmoja unawatosha, na hakuna kinachobaki.

Nani anakula yai?

Hapa ndipo penye neno lenyewe. Katika nyumba nyingi kuku wapo, mayai yapo, lakini watoto hawayaoni. Mayai yanauzwa ili kununua unga. Likibaki moja, linakwenda kwenye sahani ya baba au ya mgeni. Na wengine tumelelewa tukiambiwa kwamba mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi, au atachelewa kusema, na kwamba mwanamke mwenye mimba asiyaguse. Hakuna yai linalofundisha wizi. Yai linamsaidia mtoto akue, na linamsaidia mama mwenye mimba vilevile.

Sisemi tuache kuuza. Ada ya masomo haingoji. Lakini kati ya mayai kumi, mawili au matatu yabaki nyumbani. Na hapa saladi ina faida ambayo yai zima halina. Yai zima lina mwenyewe: ni la baba, au ni la mgeni. Yai lililokatwa vidogo-vidogo na kuchanganywa haliwezi kurudishwa kwa mtu mmoja. Baba anakula, mama anakula, na yule msichana aliyechota maji anakula. Hakuna ugomvi, hakuna aliyenyimwa heshima.

Kazi ya kikundi

Kwenye mkutano ujao wa likelemba, kila mmoja aandike bei ya yai, ya mkebe wa tuna, ya sardini na ya glasi ya ndagala katika soko lake. Tulinganishe kwa kanuni ile ya mayai manne. Kisha tuangalie kama kununua pamoja plato ya mayai 30 na katoni ya sardini kutatupunguzia bei. Anayejua kuandika amsaidie asiyejua, na kila mama arudi nyumbani na hesabu yake mwenyewe mkononi.