Somo la Mbali Nalo ni Somo

Mvuvi wa Liuli au Lituhi hangoji samaki waje kumtafuta barazani. Hutazama upepo, mwera ukitulia hushusha mtumbwi na kuwafuata samaki huko waliko. Anaporudi na usipa wake, hakuna amwambiaye kuwa hao si samaki kwa sababu wamevuliwa mbali na kijiji. Lakini mtoto wa mvuvi huyo huyo anapoifuata elimu huko iliko, akajifunza fizikia kwa mwalimu asiyekuwa mbele yake, tunamwambia kuwa alichokipata hakina mahali pa kuandikwa. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Si siri kwamba shule nyingi za sekondari za kata nchini zina upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati. Shule hizo zimetokana kwa sehemu kubwa na jasho la wananchi, hasa baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004. Wananchi walisomba mawe na mchanga, wakafyatua matofali, wakachanga. Kuta zikasimama upesi. Mwalimu wa fizikia, hata hivyo, hafyatuliwi kama tofali. Huchukua miaka mingi kumpata, na akipatikana aghalabu hutamani kubaki mjini.

Na tumchukue mwanafunzi wa mfano, binti wa kidato cha pili katika kijiji cha mwambao wilayani Nyasa. Ratiba iliyobandikwa ukutani inaonyesha kipindi cha fizikia, lakini kipindi kinapofika ubao hubaki mtupu. Wakati wa likizo binti huyu hupanda kwa shangazi yake Mbinga mjini, na huko, kwa simu ya shangazi, huyafuata masomo yaliyorekodiwa na walimu walio mbali. Hujibu maswali, hukosea, hurudia, hufaulu. Shule ikifunguliwa, hakuna daftari la kuandikia kazi hiyo. Kidato cha tatu kinapofika na masomo ya kuendelea nayo yanapopangwa, shule isiyo na mwalimu huona ni salama kuiacha fizikia. Hapo binti huyu hufungiwa mlango wa uhandisi, na njia yake ya kuufikia udaktari huwa nyembamba, si kwa sababu ameshindwa, bali kwa sababu hakuulizwa.

Wapo watakaosema kuwa kusoma kwa mbali ni jambo geni lililoletwa na kompyuta. Historia yetu wenyewe inawakanusha. Chuo cha Ushirika Moshi kilikuwa kikiwafundisha wanaushirika kwa njia ya posta tangu miaka ya 1960. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kwa vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Taifa likawachukua vijana waliomaliza elimu ya msingi, likawafundisha ualimu huko huko vijijini kwa masomo ya posta na ya redio, huku wakishika chaki. Kati ya mwaka 1976 na 1984 zaidi ya vijana 40,000 walipita katika mpango huo.

Watani waliupa mpango ule jina la Ualimu Pasipo Elimu, na ni kweli kwamba haraka ile ilikuwa na gharama zake. Lakini tukumbuke mambo mawili. Kwanza, kijana yule hakuachwa peke yake na karatasi zake. Alikuwapo mkufunzi wa kumfuatilia, na mwishoni alikwenda chuoni kwa muda mfupi kupimwa. Pili, aliyefaulu alipewa cheti, na cheti hicho kilimpa kazi. Somo la mbali lilihesabiwa kwa sababu Serikali iliamua kulihesabu. Ni moyo huo huo uliozaa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1994.

Leo nyenzo zimeongezeka. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao. Wapo pia watoaji walio nje ya Serikali, kama Shule Direct iliyoanzishwa mwaka 2013, wanaotoa masomo ya sekondari kwa mtandao. Na shule zote zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masomo yalitolewa kwa redio na televisheni hadi zilipofunguliwa mwezi Juni. Taifa zima lilikiri wakati ule kwamba mwalimu anaweza kuwa mbali na somo likabaki kuwa somo. Shule zilipofunguliwa, ungamo lile likasahauliwa.

La kustaajabisha ni kwamba taratibu zetu humtambua kwa urahisi zaidi yule aliye nje ya shule. Mtu mzima aliyekosa sekondari anaweza kujisomea, akafanya Mtihani wa Maarifa, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wasichana waliokatishwa masomo wanaweza kusoma kwa njia mbadala chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa pia kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Haya ni mambo mema na tunayaunga mkono. Lakini matokeo yake ni kwamba aliye nje ya shule ana njia, na aliyekaa ndani ya shule isiyo na mwalimu hana.

Wenzetu wa Marekani wamelijaribu jambo hili, na si vibaya kujifunza kwao bila kuwaiga. Jimbo la Florida lilianzisha shule ya umma ya mtandao mwaka 1997. Jimbo la Utah lilitunga sheria mwaka 2011 inayomruhusu mwanafunzi wa sekondari ya umma kuchukua kozi kwa mtoaji wa nje, ikahesabiwa katika cheti chake. Na sehemu ya malipo ya mtoaji hungoja mpaka mwanafunzi amalize kozi na kufaulu. Huko Louisiana, mpango wa namna hiyo ulifika mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba fedha zilizotengwa kwa shule za umma haziwezi kuchotwa kwa kazi hiyo. Funzo ni moja: pasipo utaratibu madhubuti, jambo jema huishia katika ugomvi wa fedha.

Hatari nasi tunaziona. Akitokea mfanyabiashara mwenye maneno matamu, anaweza kuuza vyeti badala ya elimu. Mtoto wa mwenye simu na umeme anaweza kumwacha mbali mtoto wa mvuvi. Kemia haijifunzwi kwa kutazama kioo peke yake. Lazima mkono uishike chupa na pua ipate harufu. Na hatari iliyo kubwa kuliko zote ni viongozi kuridhika, wakasema kwamba maadamu kompyuta ipo, mwalimu hahitajiki. Atakayesema hivyo atakuwa ameigeuza dawa kuwa sumu.

Hata hivyo, dawa ya wasiwasi huu si kukataa bali ni kupima. Sisi tuliopitia chuo cha Kurani kabla ya kuingia darasa la Serikali tunakumbuka desturi ya pale. Mtoto aliyehamia kutoka kwa mwalimu mwingine hakuulizwa karatasi. Aliambiwa akae, asome. Maalimu akasikiliza, akamsahihisha herufi na irabu, kisha akampanga mahali panapomstahili. Kama alijifunza kwa babu yake au kwa mpita njia, elimu yake ilikuwa halali, mradi ameisoma mbele ya msikilizaji mwenye kujua. Msingi huo unafaa hata leo.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kwanza, Taasisi ya Elimu Tanzania iyapitie masomo ya watoaji wa nje na kutangaza yale yanayofuata mtaala, ili mzazi asidanganywe. Pili, kazi ya mwanafunzi iliyofanywa kwa mbali iandikwe katika kumbukumbu za shule, baada ya kupimwa kwa mtihani uliosimamiwa shuleni na kusahihishwa na mwalimu wa somo, hata akiwa ni mwalimu wa shule jirani. Mtihani wa mwisho ubaki mikononi mwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Tatu, kila shule imteue mwalimu mmoja wa kuwafuatilia wanafunzi hawa, hata kama hajui fizikia. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna anayeachwa peke yake. Nne, kwa kuwa mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, masomo yatolewe katika chumba cha shule, kwa saa zilizo katika ratiba, bila malipo kwa mwanafunzi. Tano, Halmashauri za Mbinga na Nyasa zipange zamu za maabara, ili wanafunzi wa mwambao wapande hadi kwenye shule zenye vifaa kufanya majaribio yao. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imeshajengwa. Isipandishe dagaa na kuteremsha saruji tu.

Na sita, jambo ambalo sisi tulio ndani ya Chama hatuna budi kulisimamia wenyewe: madai ya walimu yasipungue hata kidogo. Kila shule inayotumia somo la mbali iandikwe katika orodha ya shule zinazodai mwalimu, na orodha hiyo isomwe hadharani katika vikao vya madiwani.

Katika Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika mwezi Machi 1967, Mwalimu Nyerere alituonya tusiipime elimu kwa vyeti na mitihani peke yake. Mkulima wa Umatengo analielewa onyo hilo. Anapochimba ngoro zake mlimani, hapimwi kwa jembe alilotumia wala kwa mtu aliyemfundisha. Hupimwa mvua inaponyesha, watu wakaona kama udongo umebaki shambani au umeteremka mtoni. Binti yetu wa mwambao naye apimwe hivyo. Mwiteni mbele, mpeni swali la fizikia, msikilizeni. Akijua, andikeni kwamba anajua.