Turubai Jepesi, Miti Mizito

Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, Tanzania. Wengi walikuja kwa miguu, mali yao yote kichwani, na masika bado hayajaisha. Pale kwenye kambi ya Benaco lilitakiwa paa la kupakiwa kwa maelfu kwenye malori, yale yaliyotoka kituo cha reli cha Isaka na kupita Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na liwe imara kiasi cha kuhimili mvua.

Paa hilo lilikuwa turubai la plastiki. La meta 4 kwa 6 lina uzito wa kilo 5 hivi. Mtu mmoja hulitia begani akaenda nalo. Yanayotengenezwa siku hizi, ukiyatazama pale yalipokatwa, yana nyuzi za polithini zilizofumwa kama mkeka, na juu na chini yake utando mwembamba. Utando unazuia maji, nyuzi zinazuia mpasuko usisambae. Nyuzi hizo huwa nyeusi, ili taa ikiwaka ndani usiku kivuli cha mtu kisionekane nje. Stara nayo ni makazi.

Plastiki, hata hivyo, haipitishi mvuke. Katika baridi ya vilima vya Ngara, pumzi za waliolala hugeuka matone kwenye paa na kuwadondokea, ndiyo maana hewa lazima iachiwe njia pande zote mbili.

Na turubai halisimami lenyewe. Linataka nguzo na fito, na hizo zilitoka vilimani. Kuni za kupikia zilimaliza miti mingi zaidi, lakini kila kibanda nacho kilidai fungu lake. Wakimbizi wa Rwanda walipopewa mabomba ya alumini yawe nguzo, waliyauza, wakarudi msituni. Nani awalaumu? Aliyepoteza kila kitu akishika metali yenye bei, ataipeleka sokoni.

Msanifu majengo wa Japani, Shigeru Ban, alilichukua tatizo hilo kwa uzito unaostahili. Alilipendekezea shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, nguzo za karatasi ngumu iliyoviringishwa. Bomba lenye uwazi ndani ni gumu kupinda kuliko fimbo nzima ya uzito uleule, kwa sababu nyenzo yake imekaa mbali na kitovu. Zaidi ya hayo, karatasi haina bei ya kumshawishi mtu. Baada ya majaribio ya gharama, uimara na mchwa, vibanda 50 vilijengwa Byumba, Rwanda, kuanzia 1998.

Yaliyotokea 1994 yalizaa pia viwango vya misaada ya kibinadamu vya Sphere, vinavyotaka kila mtu apate angalau meta za mraba 3.5 chini ya paa. Kibanda cha kisasa cha UNHCR chenye fremu ya chuma kina meta za mraba 17.5, yaani watu 5. Uzito wake unazidi kilo 100, lakini hakidai hata ufito mmoja.