Mpangaji Mpya Anaingia: Je, Depositi ya Yule wa Zamani Iko Wapi?

Mpangaji wa nyumba B4 amehama Jumamosi. Kufikia Jumatatu, watu watatu washapiga simu kuuliza kama hiyo bedsita bado iko. Kodi ni shilingi 9,000 kwa mwezi, kumaanisha kila siku ikikaa tupu unapoteza 300. Ndiyo maana landilodi wengi hufagia haraka haraka, wanafunga mlango na kungoja depositi mpya iingie. Na ikiingia tu, inatumwa kwa aliyehama, ambaye amekuwa akipiga simu kila asubuhi kuulizia yake.

Mpango huu huenda sawa mradi kila anayetoka ana anayeingia. Lakini chukua ploti ya nyumba 10 za bei hiyo: umeshika depositi za shilingi 90,000 ambazo si zako. Kama zilinunua tangi la maji au zililipa karo ya shule, wapangaji watatu wakihama Desemba unahitaji 27,000 kwa mpigo, na huo ni mwezi ambao watu wengi wanasafiri ushago badala ya kutafuta nyumba. Hapo ndipo mtu anaanza kutafuta makosa ukutani ili asirudishe pesa. Mpangaji naye akishajua tabia hiyo, anakataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho na kukuambia "kula depositi". Ukipata ameharibu nyumba, huna cha kukata.

Kwa hivyo kabla ya kununua rangi, fungua mahali tofauti pa kuweka depositi: akaunti ya akiba kwenye simu, au hata laini nyingine isiyotumika kwa shughuli za kila siku. Ya mpangaji mpya iingie hapo siku hiyo hiyo. Ya yule wa zamani itoke hapo, si kwa mfuko wa mgeni.

Kuhusu rangi tuseme ukweli, manake hapa ndipo vita vingi huanzia. Ukuta uliofifia baada ya mtu kukaa miaka mitatu umechakaa tu kwa kawaida, na kwa maoni yetu hiyo ni gharama ya biashara yako. Mashimo ya kutundika televisheni, swichi iliyovunjwa au sinki iliyopasuka ni ya mpangaji. Kukata "pesa za rangi" kwa kila anayehama, hata aliyekaa miezi minne na kuacha ukuta safi, ni kumfundisha asikuamini. Kagua nyumba akiwa bado yuko, mkubaliane makato papo hapo, kisha umtumie salio pamoja na meseji inayoonyesha kila kitu kilichokatwa na bei yake.

Baada ya hapo shughulikia nyumba yenyewe. Badilisha kitasa, maanake hujui alichonga funguo ngapi. Fungua mfereji na uuache umwage dakika kadhaa huku ukiangalia chini ya sinki. Piga dawa ya kunguni na mende nyumba ikiwa tupu. Mpangaji akishaingiza kitanda na viti, kazi hiyo ni ngumu mara mbili.

Stima ina mambo yake. Kwenye ploti zenye mita nyingi, si ajabu kupata namba iliyoandikwa kwa kalamu mlangoni ni ya jirani. Nunua tokeni ndogo wewe mwenyewe kupitia Paybill 888880 ya Kenya Power, uingize zile tarakimu 20, uone kama ni taa za B4 zinazowaka. Kama ulipata yuniti chache kuliko kawaida, huenda mita ina deni linalokatwa polepole. Limalize kabla mgeni hajalirithi. Ikiwa unatumia mita ndogo za kampuni nyingine, Paybill yake ni tofauti, kwa hivyo muachie mpangaji namba hiyo kwa maandishi.

Siku ya kukabidhi funguo, zungukeni nyumba pamoja mkipiga picha: kuta, madirisha, choo, kitasa, na namba zinazosomeka kwenye mita ya maji. Tumianeni kwa WhatsApp hapo hapo mlangoni. Kila mmoja anabaki na nakala yenye tarehe, na siku ya kuhama hakuna wa kusema "hiyo ufa nilipata iko".

Halafu malipo. Kodi ikienda kwa namba binafsi ya msimamizi wa ploti, itachanganyika na pesa zake, na siku mkikosana rekodi zinaondoka naye. Till ya biashara ni afadhali, ila haina nafasi ya namba ya akaunti. Wapangaji 10 wakilipa kiasi sawa itabidi ubahatishe nani ni nani. Paybill inamwezesha mpangaji kuandika B4 kama akaunti, na kila malipo yanajieleza. Mwambie depositi aiandike B4D, ili usiihesabu kama kodi. Na usipeane funguo kwa sababu umeonyeshwa meseji kwenye simu ya mtu, manake meseji huandikwa na yeyote. Angalia salio lako kwanza.

Rekodi hizo zitakufaa pia kwa KRA. Kwa mwenye nyumba za makazi anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ushuru wa kila mwezi wa mapato ya kodi umekuwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Unatozwa kodi yote uliyopokea, bila kutoa gharama, kwa hivyo ile rangi na kile kitasa haviupunguzi. Nyumba zote 10 zikilipa 9,000, mapato ni 90,000 na ushuru ni 6,750. Pakua taarifa ya Paybill ya mwezi, ondoa malipo yenye herufi D, jumlisha yaliyobaki, na uwasilishe kwenye iTax kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita.