Fahamu: Kwa nini barua pepe za seva binafsi hukataliwa?

SPF, DKIM na DMARC ni kanuni tatu za kuthibitisha kwamba barua pepe imetoka kweli kwenye kikoa inachokitaja. Seva ya Unix yenye programu kama Postfix huweza kutuma barua bila kanuni hizo, lakini nyingi hukataliwa au huishia kwenye folda ya taka.

Kila moja hufanya nini?

- SPF huorodhesha kwenye DNS anwani za IP zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa.
- DKIM hutia barua saini ya kidijitali, ambayo mpokeaji huihakiki kwa ufunguo wa umma uliowekwa kwenye DNS.
- DMARC hutaka kikoa anachokiona msomaji kilingane na kilichothibitishwa na SPF au DKIM, na humweleza mpokeaji la kufanya barua isipofaulu.

Kwa nini zina uzito sasa?

Itifaki ya kutuma barua pepe, SMTP, ya mwaka 1982 haikuwa na njia ya kumhakiki mtumaji, na matapeli wakaitumia. Tangu Februari 2024, Gmail hudai SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na zote tatu kwa anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku.

Barua ikikwama

Amri ya `mailq` huonyesha foleni na sababu ya kukwama. Msimbo wa jibu la seva ya mpokeaji unaoanza na 4 ni tatizo la muda, na seva hujaribu tena. Unaoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja. Muunganisho usipojibiwa kabisa, mara nyingi mtoa huduma wa intaneti amefunga mlango (port) namba 25 wa SMTP.