Michoro ya miambani na hadithi za wazee: tovuti zisiishie mpakani

KWA sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania, Kondoa ni jina la kwenye kitabu cha historia. Tulifundishwa kwamba huko kuna michoro ya watu wa kale kwenye miamba, tukaandika daftarini, tukajibu mtihani. Wengi wetu hatukuwahi kuiona. Leo mtoto wa Makamba au Ruyigi mwenye simu anaweza kuiangalia bila kulipa nauli, kwa kuwa michoro hiyo, pamoja na hadithi nyingi za kale za Afrika, imewekwa kwenye intaneti.

Hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, tovuti hizo bado zina kazi kubwa mbele yao, na sisi tuliorudi kutoka ukimbizini, pamoja na ndugu zetu wanaovuka Kobero na Mugina kila wiki kwa biashara, tuna sababu ya kusema tunachotaka.

Kwanza tuangalie kilichopo. Michoro ya Kondoa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, lenye zaidi ya mapango na miamba 150 iliyochorwa watu, twiga, pofu na alama nyingine. Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Baadaye David Coulson na Alec Campbell walianzisha mjini Nairobi, mwaka 1996, taasisi ya kupiga picha michoro ya miambani barani kote. Picha zake zipatazo 25,000 zilipokelewa na jumba la makumbusho la British Museum la London, ambalo limezifungulia umma kwenye tovuti.

Kwa upande wa hadithi, mfano bora uko Cape Town. Katika miaka ya 1870, Mjerumani Wilhelm Bleek na shemeji yake, Lucy Lloyd, waliandika hadithi za Wasan waliosema lugha ya |xam. Wasimulizi wa mwanzo walikuwa wafungwa. Mmoja wao, mzee aliyeitwa ||kabbo, alikuwa amefungwa kwa kosa la wizi wa mifugo. (Alama hizo zinasimama badala ya sauti za kudoa ulimi, kama zile za Wasandawe na Wahadzabe wa Tanzania.) Kifungo kilipokwisha, ||kabbo alikubali kubaki nyumbani kwa Bleek hadi mwaka 1873 ili aendelee kusimulia. Katika maneno yake yaliyoandikwa anasema kwamba anasubiri mwezi ugeuke arudi kwao, akakae na watu wake na kusikiliza hadithi zao. Msomaji aliyewahi kuishi kambini hahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo.

Kurasa hizo, zaidi ya 12,000, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na picha za kurasa zote zipo kwenye tovuti. Unaweza kutafuta hadithi kwa jina la msimulizi au kwa jambo linalozungumzwa. Zipo pia picha za rangi zilizochorwa na vijana wanne wa jamii nyingine ya Wasan, waliokaa na Lucy Lloyd kuanzia mwaka 1879.

Ni katika kazi hiyo ambapo hadithi na michoro ya miambani zilikutana. Mwaka 1873, ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni, Joseph Orpen, alipita katika milima ya Maluti, nchi ya Lesotho ya leo, akiongozwa na kijana Msan aitwaye Qing. Orpen alinakili michoro ya mapangoni na Qing akamweleza maana yake. Nakala zilipofika Cape Town, zilionyeshwa kwa Msan mwingine, Dia!kwain, ambaye hakuwahi kuonana na Qing. Naye akatoa maelezo yake, kwamba mnyama anayevutwa kwa kamba katika mchoro mmoja ni mnyama wa mvua. Karibu miaka mia moja baadaye watafiti walirudi kwenye maelezo hayo ili kuisoma michoro ya kusini mwa Afrika. Kwa maneno mengine, mwamba peke yake ulikuwa bubu, na aliyeufungua ni msimulizi.

Sasa tuje kwenye upungufu. Kasoro ya kwanza, ambayo mimi naiona kuwa kubwa kuliko zote, ni mpangilio wa nchi. Kuzunguka Ziwa Victoria kuna michoro ya duara na mistari ya rangi nyekundu: Nyero nchini Uganda, Bwanjai mkoani Kagera, na kisiwa cha Mfangano nchini Kenya. Watafiti kadhaa wanaihusisha na wawindaji wa kale wenye undugu na Watwa, ambao ni majirani zetu hapa Burundi hadi leo. Lakini tovuti ikipanga picha kwa nchi, msomaji anafungua ukurasa wa Uganda, kisha wa Tanzania, kisha wa Kenya, na hakuna kinachomwambia kwamba anatazama jambo moja. Waliochora hawakuujua mpaka.

Hadithi zetu ziko hivyo hivyo. Chukua bibi aliyezaliwa Bururi, akakimbia mwaka 1972, akalea wajukuu Ulyankulu. Jioni aliwasimulia vituko vya Samandari kwa Kirundi, na asubuhi watoto wakaenda shule kusoma Sungura na Fisi kwa Kiswahili. Baada ya miaka kumi, Samandari wa bibi yule alikuwa ameanza kuzungumza maneno ya Kiswahili na kupita katika pori la Tabora. Hadithi hiyo iwekwe wapi? Anayekusanya hadithi Burundi haikuti, kwa kuwa haikusimuliwa hapa. Anayekusanya Tanzania haihesabu, kwa kuwa si ya Kitanzania. Matokeo yake haiandikwi popote.

Kwa hiyo pendekezo la kwanza ni kwamba kila hadithi na kila mchoro upewe njia yake, si jina la nchi tu: msimulizi alizaliwa wapi, aliisikia wapi, aliisimulia wapi. Kwenye ramani njia hiyo ionekane kama mstari unaovuka mpaka. Hadithi za ||kabbo zenyewe zilitoka nyikani kaskazini, zikapitia gerezani, zikaandikwa mjini.

Pili ni lugha. Tovuti nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto akiandika neno “mvua” hapati kitu, ingawa hadithi za mvua zimejaa humo. Kutafsiri kurasa 12,000 ni gharama kubwa. Lakini kutafsiri kwanza orodha ya maneno ya kutafutia, kama mvua, mwezi, simba na pofu, ni kazi ya walimu wachache kwa muda mfupi, na ingefungua mlango kwa mamilioni ya wasomaji kutoka Bukavu hadi Mombasa.

Tatu ni sauti. Lugha ya |xam haina tena msemaji, na daftari za Lloyd haziwezi kutupa sauti ya ||kabbo. Zetu bado ziko hai. Kitendawili cha Kirundi huanza kwa “Sokwe!” na wasikilizaji huitika “Niruze!”, kama Waswahili wanavyotega na kutegua. Kikiandikwa tu, kitendawili hukosa nusu yake. Tovuti nzuri ingemsikilizisha mtoto swali, ikamngoja ajaribu, ndipo ikamfungulia jibu kwa sauti ya mzee mwenyewe.

Nne ni simu ndogo. Wengi wetu tunaingia intaneti kwa bando la kununua, tena mahali ambapo mtandao unakatika. Ukurasa ungetanguliza maandishi na picha ndogo, na picha kubwa ije kwa anayeitaka. Vilevile shule iruhusiwe kupakua mkusanyiko mzima kwenye flashi na kuutumia bila mtandao. Faida si bando tu. Mwezi Aprili 2021 moto uliteketeza chumba cha kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na vitabu vingi kuhusu Afrika. Nakala zikiwa mikononi mwa shule mia, moto mmoja hauzimalizi.

Tano ni ulinzi. Huko Mungomi wa Kolo, Kondoa, wapo waliochimbua chini ya miamba wakitafuta mali wanayoamini ilifichwa na Wajerumani. Tovuti ikitaja mahali kamili pa kila mchoro, inawaelekeza watu wa aina hiyo. Itaje wilaya, kisha imwelekeze mgeni kwa ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo Kolo, apate kibali na mwongozaji. Hapo hata mwenyeji anapata riziki.

Mwisho ni haki ya msimulizi. Bleek na Lloyd waliandika jina la kila aliyesimulia, ndiyo maana leo tunamtaja ||kabbo. Vitabu vingi vya hadithi zetu huishia kusema “hadithi ya Warundi”, kana kwamba haikutoka kinywani mwa mtu. Kila hadithi iwe na jina la mwenye kuitoa na ridhaa yake, na asiyetaka sehemu fulani itolewe asikilizwe. Pia maelezo mawili yanayopishana yawekwe bega kwa bega. Mungomi wa Kolo, kwa mfano, ni mahali pa tambiko kwa wenyeji hadi sasa. Wataalamu wanahofia pombe inayomwagwa itaharibu rangi, na wenyeji wanasema mahali bila tambiko ni mwamba tu. Msomaji ana haki ya kuzisikia pande zote mbili.

Ndugu msomaji, aliyekuwa na miaka thelathini mwaka 1972 sasa amepita themanini. Hatuna muda wa kungoja watengenezaji wa tovuti watufikie. Simu uliyonayo mfukoni inarekodi sauti. Unapomtembelea mzee, au unapolala Kigoma ukingoja mzigo na mwenyeji wako akaanza kusimulia, omba ruhusa, rekodi, kisha andika mambo matano: jina lake, alikozaliwa, alikoisikia hadithi, lugha na tarehe. Peleka nakala kwa mwalimu wa shule ya karibu. Siku tovuti itakapokuwa tayari kuipokea, hadithi itakuwepo.