Otto na Korongo

Kama umewahi kutumwa sokoni Githongo kuleta bati, na upepo wa mlimani ukakukuta njiani, basi wewe umeshashika bawa. Bati likilala sawasawa kichwani, upepo hupita juu na chini bila kukusumbua sana. Inua ukingo wa mbele kidogo tu, nalo huwa jepesi ghafla, utadhani kuna mtu amekupokea mzigo. Inua zaidi, sasa ni vita: linakurudisha nyuma, linapinduka, na usipoliachia mapema utajikuta umelala kwenye majani chai ya watu. Liwekeni akilini hilo bati, wajukuu, tutalihitaji.

Mwaka 1848, katika mji mdogo wa Anklam, Ujerumani, alizaliwa mtoto aliyeitwa Otto Lilienthal. Mwaka uliofuata akaja mdogo wake, Gustav. Baba yao alifariki wangali wadogo, mama akawalea. Nje ya mji kulikuwa na malisho, na kwenye malisho hayo walitembea korongo weupe, wale wa miguu mirefu na mdomo mwekundu. Ndio hao hao ambao baridi ya Ulaya ikikaribia hufunga safari kuja Afrika, na wengine hufika hapa kwetu Kenya kula panzi na viwavi. Zamani Wazungu hawakujua ndege hao huenda wapi. Walikuwapo walioamini kwamba hujificha chini ya maziwa hadi baridi ipite! Kisha mwaka 1822, huko huko Ujerumani, karibu na Klütz, akapatikana korongo mwenye mkuki wa Kiafrika shingoni. Alikuwa ameruka nao kutoka huku hadi kwao. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Otto na Gustav waliwatazama korongo hao kwa makini, wakagundua jambo: korongo akitaka kupaa, haupi upepo mgongo. Anaugeukia, anakimbia hatua chache, tayari yuko juu. Basi vijana wakatengeneza mabawa ya mbao, wakayafunga mikononi, wakakimbia mteremkoni usiku ili wenzao wa shuleni wasiwaone wakawacheka. Hawakupaa hata kidogo.

Otto akakua, akawa mhandisi, akafungua kiwanda Berlin cha kutengeneza mitambo ya mvuke. Hapa ndipo ninapompendea. Watu wengi waliotaka kuruka walipanda mnara, wakajirusha, wakavunjika. Yeye alikaa chini akapima. Alitengeneza mtambo wenye mkono mrefu unaozunguka, mwishoni mwa mkono akafunga bawa dogo, kisha akapima upepo unalinyanyua kwa nguvu kiasi gani. Akajaribu bawa lililonyooka kama ubao, na bawa lililopinda kidogo juu kama la korongo. Lililopinda lilishinda, tena kwa mbali. Mwaka 1889 akayaandika yote katika kitabu kuhusu ndege wanavyoruka na binadamu anavyoweza kujifunza kwao. Walionunua walikuwa wachache.

Alipoanza kuruka mwenyewe, mwaka 1891, alikuwa na miaka 43 na watoto wanne. Glaida yake, yaani chombo chenye mabawa cha kuteleza hewani, ilikuwa ya fito nyepesi zinazopindika, imewambwa kitambaa cha pamba. Haikuwa na injini wala kiti. Moja aliyoitengeneza baadaye ilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi, na mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, yalikaribia mita 7. Aliingiza mikono katikati, akashika mti, akakimbia kuteremka kilima akiuelekea upepo. Miguu ikiacha ardhi, alining'inia kwa mikono. Glaida ikiinamia kushoto, aliitupa miguu yake kulia, ili uzito wa mwili uirudishe. Huo ndio uliokuwa usukani wake wote!

Mara ya kwanza alifika mita 25 hivi. Mwaka 1894 akajijengea kilima chake mwenyewe huko Lichterfelde, kando ya Berlin, chenye kimo cha mita 15 na mteremko pande zote, ili upepo utoke utakako, yeye apate pa kukimbilia. Kwenye vilima vya Rhinow alifika mita 250. Kwa jumla aliruka zaidi ya mara 2,000, na safari zote hizo ukiziunganisha hazizidi saa chache, kwa sababu kila moja ilikuwa ya sekunde tu. (Na nikisikia mtu amepanda juu ya paa na gunia, sitaki kesi na mama yenu. Mtu huyu alipima miaka mingi kwanza.)

Tarehe 9 Agosti 1896, karibu na kijiji cha Stölln, upepo uliinua ukingo wa mbele wa glaida yake kupita kiasi. Mnakumbuka bati? Bawa likielekea juu mno, hewa haiwezi tena kulifuata vizuri, nalo linaacha kubeba. Otto alitupa miguu mbele kuishusha pua, lakini akachelewa. Alianguka kutoka mita 15 hivi, akavunjika uti wa mgongo, akafariki kesho yake.

Habari zilifika hadi Marekani, kwa ndugu wawili mafundi wa baiskeli, Wilbur na Orville Wright. Waliona kwamba kurusha miguu huku na huku hakutoshi, wakabuni namna ya kuyapinda mabawa yenyewe kwa kamba. Walipotumia vipimo vya Otto na kuona havilingani na glaida zao, walijitengenezea sanduku la kupitishia upepo, wakapima upya. Tarehe 17 Desemba 1903, wakiwa na injini, Orville aliruka sekunde 12, mita 37 hivi.

Najua kuna mjanja hapo nyuma anayetaka kuniuliza: mbona 37 ni chache kuliko 250? Swali zuri. Otto kila mara alikuwa akishuka kilima. Orville aliondoka kwenye mchanga tambarare, akapanda kwa nguvu ya injini, akatua mahali ambapo hapakuwa chini kuliko pale alipoanzia.