Kabla ya Kuchemsha Majani ya Stafeli

Swali ni lile lile: je, stafeli inashinda kemo kwa saratani ya titi? Waulizaji wengi ni watu waliosoma, na simuni wana picha inayodai kwamba tunda hilo lina nguvu mara 10,000. Uvimbe wenyewe ni wa aina gani, hilo hawajauliza.

Hiyo 10,000 ina chanzo chake. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichuja kemikali kutoka mbegu za stafeli wakazijaribu maabara. Mojawapo iliua seli za saratani ya utumbo mpana kwa nguvu mara 10,000 ya dawa ya adriamaisini. Seli za utumbo, si za titi. Mbegu, si majani. Na mgonjwa hakuwepo hata mmoja! Seli zilizo kwenye kisahani hufa hata kwa chumvi ikizidi. Kazi ngumu ni kuua saratani na kumwacha mwenye mwili akiwa hai. Kisha kuna Guadeloupe, ambako tangu 1999 madaktari wamehusisha ulaji wa muda mrefu wa stafeli na chai ya majani yake na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson. Picha za simuni hazisemi hilo.

Turudi kwenye aina ya uvimbe. Uvimbe una tabia zake, na nyingine hutoka kwenye vimeng'enya. HER2 ni protini iliyopenya utando wa seli. Ncha yake ya ndani ni kimeng'enya kinachoiamuru seli igawanyike. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walipima vivimbe 189, wakaona kwamba wanawake wenye nakala nyingi za jeni ya HER2 saratani iliwarudia mapema na walikufa mapema. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha trastuzumab, dawa inayoilenga HER2 yenyewe.

Basi, kinyama cha uvimbe kikitolewa kiwekwe kwenye fomalini ndani ya saa 1, kipimwe vipokezi vya estrojeni na projesteroni, pamoja na HER2. HER2 ikisoma 3+, iulizwe trastuzumab. Ikisoma 2+, jeni yake ipimwe. Vipokezi vya homoni vikiwepo, kuna tamoksifeni, au baada ya ukomo wa hedhi letrozole na anastrozole, zinazozuia aromatase, kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni hata kwenye mafuta ya mwili. Vyote vitatu visipoonekana, kemo ndiyo nguzo. Aliyekwisha kunywa majani amwambie daktari kabla ya dripu ya kwanza, ataje kiasi na muda.